Nani Asome Muuza Maua

Mwalimu Bi Hilary Ogden aliamini anamfanyia wema mwanafunzi wake Shelley Tranter. Tamthilia waliyokuwa wakisoma inamhusu msichana muuza maua wa London anayefundishwa na profesa kuongea kama mwanamke wa tabaka la juu, na katika darasa lile la mji wa Guildford, la watoto wa mawakili na madaktari, aliyeongea kama yule msichana ni Shelley tu, wa nyumba za halmashauri za watu wa kipato cha chini, nyuma ya reli. Basi akampa sehemu hiyo. Waingereza wana ugonjwa huo: ukifungua kinywa tu wameshajua baba yako anafanya kazi gani, nao hukuonyesha kiti chako kwa tabasamu.

Shelley alisoma mistari michache, darasa likaangua kicheko.

"Huyo haigizi, jamani," Rupert alisema kutoka nyuma. "Ndivyo alivyo!"

Shelley akafunga kitabu. "Mwalimu, umenichagua kwa sababu naongea hivi, eti?"

"Nimekuchagua kwa sababu unasoma vizuri."

"Acha zako, Mwalimu. Somo lenyewe naliacha leo leo." Akatia mkoba begani.

Moyo wa Bi Ogden ulishtuka. Hajapata kufundisha mtoto mwenye sikio la lugha kama la huyu, na sasa anampoteza kwa mkono wake mwenyewe.

"Ngoja. Chagua sehemu yoyote uitakayo."

"Nipe profesa."

Shelley akasoma akiwa amesimama, na iliyomtoka ilikuwa sauti ya Bi Ogden mwenyewe, ile ya darasani, kila neno limepigwa pasi. Wenzake walicheka mpaka wakamwona mwalimu amekuwa mwekundu usoni. Mtoto alikuwa ameinasa hata hofu iliyojificha ndani ya sauti hiyo. Bi Ogden alizaliwa kaskazini, Barnsley, binti wa mchimba makaa. Chuoni walimcheka wiki ya kwanza tu, naye akaizika lafudhi ya kwao, akajifunza ya wale waliomcheka. Aliona haya. Zaidi ya haya, aliona uchungu kwamba leo yeye ndiye aliyewachekesha watu kwa kinywa cha mtoto wa mwenzake.

"Haya, muuza maua anasoma nani?" Shelley aliuliza, mkoba bado begani.

"Mimi."

Bi Ogden akasoma kwa lafudhi ya Barnsley, ile ya jikoni kwa mama yake. Rupert alicheka, yeye akaendelea mpaka mwisho wa ukurasa.

Shelley aliushusha mkoba, akakunja uso wa kiprofesa.

"Hovyo kabisa," alisema. "Rudia."