Bi Hawayu Ameshafikiwa

Usiku wa jana niliota naunga kamba. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye ukingo wa Mto Tana, nasokota ncha mbili za katani ziwe moja. Jirani yangu Bi Hawayu alikuwa juu ya bati la nyumba yake, katikati ya mafuriko, na kamba ya kikundi chetu cha uokoaji cha kijiji haikumfikia.

Kando yangu kulikuwa na kamba ya shirika moja la misaada, mpya, imekunjwa vizuri. Nikaiomba tuungane.

"Siwezi, ndugu," ilisema kwa adabu. "Mimi ni wa makazi. Nafunga maturubai. Kuvuta watu ni sekta nyingine. Kaulize kwenye kikao."

Nageuka, na ukingo umekuwa ukumbi wa mikutano. Kwenye viti vya plastiki wamekaa vizibao vya mashirika, vitupu bila watu ndani, wima, vinakunywa chai. Paa la Bi Hawayu nalo limo humo, kwenye kona, pamoja na maji yake. Maji hayavuki mstari wa chaki.

"Tukumbushane kanuni," kinasema kizibao cha mwenyekiti. "Aliyefikiwa na shirika moja, wengine hawarudii. Mafuriko yaliyopita tulirudiarudia, nyumba moja ikapata mablanketi ya kufungulia duka, ya pili ikakosa hata moja."

Naona kanuni ina maana, na nasema hivyo. "Ila Bi Hawayu bado yuko majini."

"Ameshafikiwa," inasema ndoo ya plastiki iliyo mapajani mwa Bi Hawayu. "Nilimfikia Jumanne."

"Mwanangu," anasema Bi Hawayu, maji yakiwa magotini, "waambie ndoo ninayo. Waniambie basi nichote nini. Maji?"

Vizibao vinacheka kidogo. Vinampenda.

Naiuliza ndoo kama haiwezi kujitoa.

"Nikijitoa itaonekana sikufika."

"Basi niitupe," anasema Bi Hawayu.

"Ukiitupa, mama," anaeleza mwenyekiti kwa upole, "utakuwa umefikiwa na ukakataa."

Chai inaisha. Mwenyekiti anasema suala hili litaendelea kesho, ndilo la kwanza. Lakini kikao hakifungwi mpaka aliyefikiwa aweke dole gumba, na mkono wa Bi Hawayu haufiki huku.

"Wewe ni jirani yake," kizibao kinaniambia. "Weka kwa niaba yake."

"Nikiweka, kesho mtamvuta?"

"Tutaanza naye."

Maji yamemfika Bi Hawayu kifuani. Ananitazama muda, kama mtu anayesubiri mgeni amalize kula.

"Weka tu, mwanangu. Waende wakalale."

Nachovya dole kwenye kidau cha wino, nalibonyeza juu ya mfuko wa kizibao. Vizibao vinajikunja, kimoja juu ya kingine. Taa inazimwa. Nasokota kamba gizani, na bado ni fupi.

Niliamka mvua ikinyesha. Nikanyoosha mkono niwashe redio, nisikie habari za mto. Dole gumba langu lilikuwa la zambarau mpaka kwenye kucha, na wino ulikuwa haujakauka.