Nyasi Njiani kwa Roboti

"Sasa huyu roboti wako akifika mwisho wa kitalu, atajuaje kama amefika?" Mzee Lugembe aliuliza, akiinamia daftari.

Advera alicheka. Alikuwa fundi wa karakana katika chuo kimoja cha ufundi mjini Tabora, na mchoro ule aliuchora kwa rula na penseli, bila haraka. Kisanduku cha kwanza: saa. Mshale. Cha pili: mota. Mshale. Cha tatu: magurudumu. Mishale yote ilikwenda mbele. Hapakuwa na hata mmoja uliorudi nyuma kuuliza.

"Hana haja ya kujua, baba. Anahesabu tu. Sekunde kumi na mbili mbele, anapinda kulia, anazunguka kichwa cha kitalu."

"Kama askari wa gwaride."

"Kama wewe ukitoka kilabuni," mke wa mzee, Eustadia, alidakia kutoka jikoni. "Macho yamefumbwa, miguu inahesabu."

Hapo ni kijijini Usoke, miche ya tumbaku ikiwa imebakiza wiki mbili ihamishiwe shambani. Eustadia alikuwa ametoka kulazwa hospitali ya Kitete kwa ajili ya mgongo, na daktari alimkataza kubeba maji. Miaka thelathini nyuma, Advera alipokuja mkoani Tabora hana pa kulala, ni hawa wawili waliompa chumba na hawakumwambia lini atoke. Kwa hiyo alitengeneza kigari cha kumwagilia. Kihisi cha kutambua mwisho wa kitalu kingechukua mwezi mwingine. Alitaka mama yule apumzike mapema. Alipima mwendo wake njiani siku hiyohiyo, Alhamisi, kwenye udongo mkavu, mgumu kama sakafu.

Jumamosi alirudi, akakuta njia nzima imetandikwa nyasi mbichi.

"Mgeni wetu asichafue miguu," Eustadia alisema akikitazama kigari, jasho puani. Alikuwa ameinama tangu alfajiri.

Advera aliziona zile nyasi. Alijua hesabu yake ilikuwa ya udongo mtupu. Neno lilimfika ulimini: tuziondoe. Kisha akamwona mama yule akijinyoosha kidogo kidogo, mkono kiunoni, akitabasamu. Akalimeza.

"Ahsante, mama. Umetupamba."

Akabonyeza swichi. Magurudumu yalizunguka sana yakiteleza, kigari kikasogea kidogo. Sekunde kumi na mbili ziliisha kikiwa bado katikati ya njia. Kikapinda kulia, kwa utii kabisa, kikapanda juu ya miche. Kikavuka kitalu cha kwanza, kikazama katika cha pili, na hapo kikamwaga pipa zima la maji. Advera alikimbia, akaanguka, akainuka, akakizima.

Vitalu viwili kati ya vitatu vilikuwa uji.

Mzee Lugembe alivua kofia yake, akaishika tu.

"Ni zile nyasi?" Eustadia aliuliza taratibu.

"Ni mimi, mama. Niliziona nikanyamaza."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Ulikuwa umechoka."

"Mgongo ni wangu." Sauti yake haikuwa na ukali, na hilo ndilo lililouma. "Ungesema, ningezitoa huku nakucheka."

Advera aliinama, akaokota mche uliovunjika. Tope lilikuwa likimkauka magotini.

"Batuli wa kule bondeni alisia vitalu vitano mwaka huu," alisema mzee, akivaa tena kofia. "Huenda atatugawia miche. Asipotugawia, tutalima mahindi." Akaondoka kwa miguu kuelekea bondeni, wala hakukitazama kigari.

Jua lilikuwa limeanza kuchoma. Advera alichukua keni ya kumwagilia, akaijaza, akaenda kwenye kitalu kilichosalia. Kila alipofika alichomeka kidole udongoni, akasubiri, ndipo akamwaga. Eustadia alijivutia kigoda, akaketi pembeni, mgongo wima kama alivyoelekezwa.

"Hapo bado pakavu," alisema. "Ongeza."

Advera akaongeza.

"Basi, pametosha. Sogea."

Akasogea.