Mgongo wa Lucille

Kwa miaka tisa gari jekundu la Orrin Dykstra lilikuwa limetembea maili mia sita na kumi na moja tu, na majirani wa Fenton, Michigan, walishaamua kwamba mzee ni mchoyo. Gari la wazi, silinda nane, paa la turubai, naye analifungia gerejini kama kuku wa mayai. Orrin aliwaacha waseme. Kila mwaka hakukosa sababu: leo barabara bado ina chumvi iliyomwagwa kuyeyusha barafu, italila gari kutu, kesho mvua ya kuiosha haijatosha.

Ukweli ni kwamba aliogopa. Mkewe, Lucille, aliteleza kwenye barafu zamani, na tangu hapo mgongo wake umeshikwa na skrubu nne. Safari yake ya mwisho katika gari la wazi, toleo la zamani la gari hilihili, ilimtoa machozi. Ukikata paa la gari, umekata na nguvu zake, basi lile lilitikisika mwili mzima. Tena magurudumu ya nyuma yalishikwa pamoja na ekseli moja: gurudumu hili likiruka, na lile linaruka.

Orrin alikuwa mhandisi wa magari hayohayo. Kwa miaka sita yeye na wenzake wakahangaika na toleo jipya, ndilo hilo jekundu la gerejini. Wakafunga vyuma vya kukaza chini ya sakafu, wakanenepesha kingo za chini ya milango, wakalipatia kila gurudumu la nyuma springi zake na uhuru wake. Vipimo vilisema wamefaulu. Lakini vipimo havina mgongo. Lucille akiumia tena, miaka sita yote ni kazi bure.

Aprili hii mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne asubuhi Lucille alijifunga kitambaa kichwani, akaenda kuketi garini.

"Shuka, Lu. Barabara bado..."

"Barabara imeoshwa kuliko vyombo unavyoosha wewe. Washa gari."

"Na ukiumia?"

"Nitakupigia kelele. Kwani hujazoea?"

"Sitanii mimi."

"Wala mimi. Miaka tisa unalipangusa hili dude, mpaka nalionea wivu. Endesha, mzee, kabla sijaendesha mwenyewe."

Liwalo na liwe, akaondoa gari. Alikwenda polepole hadi malori yakampigia honi. Shimo la kwanza akalikwepa, la pili hakuliwahi. Orrin hakuthubutu kumtazama mkewe.

Kwenye njia ya reli hapakuwa na pa kukwepea. Mbao zilikuwa zimeinuka vibaya. Akakaza meno, akapanda. Magurudumu ya nyuma yakapita, kila moja na lake, na sakafu ikatulia.

"Lu? Umeumia?"

Akageuka, roho mkononi. Lucille alikuwa ameegemea mlango, mdomo wazi, anakoroma. Yeye ambaye tangu aanguke hajawahi kusinzia ndani ya gari lolote.

Machozi yalimjaa Orrin. Alimshukuru Mungu, kisha akamshukuru Roberta Finch, fundi wa kuchomelea aliyebishana naye wiki nzima akitaka vyuma vya chini viongezwe unene. Orrin alimwita mkaidi mbele za watu. Sasa ukaidi ule ulikuwa umemlaza mkewe usingizi.

Kona ya kwao ilipofika, hakukata. Alipita moja kwa moja, taratibu, asije akamwamsha.