Doa la Mafuta

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekaa mezani kwangu, natengeneza karatasi ndani ya kompyuta. Hilo si ajabu. Baba aliniomba albamu ya picha za marehemu Mama, nami nilitaka kurasa zake zionekane za karatasi halisi, zenye nyuzi, mikunjo na kingo zilizochakaa.

Nikaongeza chembechembe. Ukurasa ukapiga chafya.

"Vumbi limezidi," ukasema.

Nikauomba radhi, nikapunguza. Nikaweka mkunjo katikati, ukalalamika mgongo. Nikaweka kivuli upande wa kushoto, na upande wa kushoto wa chumba changu ukaingia giza. Kazi ilikwenda vizuri mpaka nilipofika kwenye doa la mafuta. Nikalichora, nikalififisha, nikalichora tena.

"Mafuta ya nani haya?" ukurasa ukauliza.

Nikajibu si ya mtu, ni rangi ya kahawia iliyopunguzwa tu. Ukasema basi hayatashika, na kama nataka doa nishuke tabaka la chini, lile lililolazwa chini yake kwenye kompyuta, nikaliombe.

Nashuka. Tabaka la chini ni jiko letu la Muheza, ila halina kuta. Mama ameketi kwenye kigoda, anageuza vitumbua. Hashangai kuniona. Ananiuliza kama Baba bado anakunywa chai tupu asubuhi. Nasema ndiyo, tangu msiba. Sauti yake nilikuwa nimeshaanza kuisahau. Naikuta ilivyokuwa, nzito, yenye mkwaruzo kidogo.

Kutoka juu ukurasa unauliza kama uyaunganishe matabaka. Najua maana yake. Yakiunganishwa, cha juu na cha chini huwa kitu kimoja, hakitenganishiki tena. Nitabaki hapa jikoni, bapa kama picha, pamoja naye. Natamani sana.

"Nibaki, Mama?"

Anafikiri kama mtu anayeonja chumvi.

"Sasa hiyo albamu, Mwanaidi, nani atamfungulia baba yako?"

Anaopoa kitumbua kimoja, ananiwekea viganjani. Napanda nacho taratibu, kinaniunguza, sikiachi. Nakilaza kwenye kona ya ukurasa. Ukurasa unavuta pumzi, doa linashika.

Nikaamka, kumekucha. Baba alikuwa ameinama mbele ya kompyuta yangu, hajavaa hata miwani, akitazama picha ya Mama. Nikamwambia ukurasa huo haujakamilika, anipe siku mbili tatu. Akagusa kona ya skrini kwa kidole, kisha akakitazama kidole chake kwa muda mrefu. Kilikuwa kinang'aa mafuta.

"Bado ya moto," akasema, akavuta kiti akakaa.