Kitanda cha Dirishani

Siku kaka yake alipofariki, tovuti ya hospitali ilijibu haraka kama kawaida. Dada alikuwa amesimama mapokezi, mkononi ana mfuko wa plastiki aliokabidhiwa na muuguzi, ndani mna ndara na miwani ya marehemu. Kwa mazoea tu akaandika jina la kaka yake kwenye simu. Kabla hajashusha kidole, jibu likaja: wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, anaendelea vizuri.

Haraka hiyo ilikuwa kazi ya kaka mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa kompyuta pale hospitali, na dada msaidizi wake. Zamani, kila aliyeuliza mgonjwa wake yuko wapi, seva, ile kompyuta inayojibu, ilikwenda mpaka kwenye hifadhidata, ghala la kumbukumbu zote, ikapekua, ikarudi na jibu. Ukoo mzima ukiuliza habari za babu mmoja, ilikwenda na kurudi kwa kila mjukuu. Watu walisinzia kwenye mabenchi. Kaka akaijengea seva kabati la nakala: jibu likishaletwa mara moja, nakala yake inabaki karibu, na anayefuata anapewa hiyo hiyo.

"Mtu akikuuliza saa, unatazama ukutani," alimfundisha dada. "Mwingine akikuuliza papo hapo, huna haja ya kugeuza shingo tena. Ila usije ukamjibu hivyo hivyo kesho."

Kwa hiyo kila nakala aliipa muda wake wa kuishi, na muda ukiisha ilitupwa. Hata hivyo hakuiamini. Kila alasiri alipita wodini, simu mkononi, akilinganisha kilichoandikwa na aliyelala. Alikwenda taratibu, akimsalimia kila mgonjwa, na wauguzi wakamwita Chapuchapu kwa kumtania. Mabenchi yalipozoeleka kuwa matupu, jina likabaki, utani ukaisha.

Kaka alipolazwa yeye mwenyewe, mkurugenzi aliita fundi wa nje, akaamuru muda wa nakala uondolewe kabisa, zisitupwe tena. Alitaka majibu yawe ya haraka zaidi, maana wageni wa wizara walikuwa wanakuja. Wageni walikuja, wakapiga makofi, wakaondoka.

Dada aliporudi kazini baada ya mazishi, simu ilikuwa bado inasema vile vile. Akapanda wodini. Kaka alikuwepo, ameegemea mto, nusu chungwa mkononi, miguu mitupu.

"Mdogo wangu, umeleta soksi?" akauliza. "Miguu imekuwa barafu."

Ndivyo alivyouliza mchana ule nakala ilipowekwa kabatini.

"Nitaleta kesho, kaka."

"Basi chukua kipande cha chungwa."

"Cha mgonjwa siwezi kula. Kula wewe, upate nguvu."

Kesho yake alileta soksi, akamvisha. Siku iliyofuata miguu ilikuwa mitupu tena, chungwa ni nusu ile ile, na soksi za jana zimekunjwa vizuri kwenye droo. Akamvisha nyingine. Muuguzi wa zamu alisema wagonjwa wa aina hiyo wapo kadhaa wodini, na kwamba hawasumbui, hawaombi hata maji.

Droo ilipokuwa haifungiki tena, mwanamke mmoja fundi cherehani, aliyekuwa akimuuguza baba yake kwenye mkeka koridoni, alimsimamisha dada mlangoni.

"Samahani, dada'ngu. Kila siku nakuona na soksi. Kwani mgonjwa wako ana miguu mingapi?"

"Miwili tu."

"Basi anazila. Na kila nikiuliza naambiwa anaendelea vizuri. Si aende nyumbani akaendelee huko? Baba yangu yuko sakafuni, kifua kinambana, nikiomba kitanda naambiwa vimejaa."

"Alishazikwa," dada akasema.

"Oh, pole sana."

"Nimeshapoa."

Fundi cherehani akamtazama baba yake, kisha akatazama dirisha. "Sasa, mama, kama alishazikwa, kitanda anakifanyia nini?"

Dada akashuka kwa mkurugenzi kuomba muda wa nakala urudishwe. Mkurugenzi alikuwa anafuta vumbi kwenye ngao ya pongezi kutoka wizarani.

"Kaka yako alikuwa bingwa," alisema, na alimaanisha. "Leo hakuna anayesinzia kwenye benchi. Unataka niwarudishe? Halafu fikiria na wewe mwenyewe. Muda ukirudi, naye anakwenda."

"Najua, mzee."

"Basi tumwache apumzike alipo."

Lakini kaka alikuwa amejenga pia njia ya kutupa nakala moja moja kwa mkono, na dada alifundishwa. Alasiri ile akapanda na simu yake, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mdogo wangu, umeleta soksi? Miguu imekuwa barafu."

Akamvisha jozi nene kuliko zote.

"Basi chukua kipande cha chungwa."

Dada akakichukua, akakila. Kilikuwa kitamu, kina mbegu moja. Kisha akaandika namba ya mgonjwa, akaitupa nakala, akauliza upya. Seva ikaenda mpaka kwenye hifadhidata, kule mbali. Alisubiri kama watu wa zamani walivyosubiri. Jibu lilipofika lilisema: amefariki. Shuka lilikuwa limetandikwa, halina hata kunyanzi. Mbegu ilikuwa bado mdomoni mwa dada.

Mzee wa koridoni akahamishiwa dirishani, na fundi cherehani akafungua droo. "Kumbe hakuzila," akasema, akamvisha baba yake jozi mbili kwa pamoja.

Muda wa nakala haujarudishwa. Ngao iko mapokezi, na tovuti inajibu haraka sana. Kila alasiri dada hupita wodini taratibu, simu mkononi, na wauguzi wapya humwita Chapuchapu bila kujua jina lilikotoka. Haitupi nakala ya mtu mpaka ndugu zake wenyewe waseme. Mwenye kitanda cha karibu na mlango alizikwa kabla ya mvua, na mkewe bado huja kumsomea gazeti. Dada huwasalimia wote wawili, na wote wawili huitikia.