Swali Lililowekwa Mezani

Mwanamume mwenye akili zake timamu, akitaka kumwambia mwanamke kwamba anampenda, hutafuta mahali pa faragha. Gundi hakufanya hivyo. Gundi alisema mbele za watu, kwenye meza iliyojaa mikasi na vipande vya karatasi, na watu wale wakamchambua kama karanga. Nitawaeleza ilivyokuwa, na mkicheka, chekeni kwa adabu, maana mwenzenu nusura afe kwa aibu.

Gundi alikuwa na duka la fotokopi karibu na lango la chuo. Wanafunzi ndio waliompa jina hilo, kwa kuwa vidole vyake havikukauka gundi: yeye ndiye aliyejalidi tasnifu zao zote. Na kwa vile hakuwa mtu wa kukaa bure, alizisoma. Za uchumi zilimletea usingizi, za sheria zilimtia hofu, lakini siku alipoangukia tasnifu ya isimu, kitabu kizima kuhusu namna watu wanavyoagana kwenye simu, loo! Alisoma mpaka brashi ikagandia kwenye kopo. Kumbe kuna watu wanapewa shahada kwa kusikiliza wenzao wakisema "haya, haya basi, haya"! Tangu siku hiyo akawa mgonjwa wa lugha, na ugonjwa huo hauna dawa.

Wagonjwa wenzake wakamjia mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa Mwalimu, mstaafu aliyekuja kutoa nakala ya kitambulisho akabaki kubishana mpaka duka likafungwa. Wa pili alikuwa Msusi, mwenye saluni ya jirani, mwanamke ambaye habari za mtaa mzima humfikia kabla hazijatokea. Wa tatu alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, binti mwembamba mwenye miwani, aliyekuwa akiandika kuhusu maswali: watu wanaulizaje, sauti inapanda wapi na inashuka wapi. Binti huyo huwezi kumwuliza "saa ngapi?" akakujibu. Atatoa simu, atabonyeza pa kurekodi, atasema, "Hebu rudia." Basi wakamwita Heburudia, naye akalifurahia jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake.

Kila Alhamisi baada ya kazi walikutana chumba cha nyuma, kati ya maboksi ya karatasi na mashine moja mbovu ambayo Gundi kila siku aliapa ataitengeneza. Kila mmoja alileta sentensi aliyoisikia wiki hiyo, akaisema vilevile ilivyosemwa, na wengine wakaichambua. Huko ndiko walikokuita kuweka mezani. Na sheria ilikuwa moja tu: kilichowekwa mezani hakijibiwi. Sheria hiyo Gundi aliitunga siku Msusi alipoleta swali la mteja wake, "Hivi mimi nimenenepa?", na Mwalimu, kwa moyo mweupe kabisa, akamtazama Msusi juu mpaka chini akasema, "Kidogo." Msusi alimnunia mwezi mzima.

Sasa, Gundi alimpenda Heburudia. Msusi alijua, Mwalimu alikuwa Mwalimu tu, hajui kitu kisicho na mstari chini yake, na binti mwenyewe alionekana hajui kabisa. Si kwamba Gundi hakujaribu. Siku moja alimwambia, "Usipokuja, naliona duka hili kubwa mno." Binti akachomoa simu.

"Hebu rudia hapo kwenye 'mno.' Umeivuta vizuri!"

Gundi akarudia. Akarudia tena, kila mara kwa mapenzi zaidi, mpaka sauti ikaanza kukwaruza. Binti akamshukuru sana kwa mfano mzuri. Mfano! Jamani, mtu anatoa roho yake, anaambiwa ni mfano.

Haya. Alhamisi moja Heburudia akafika mapema na tasnifu yake tayari kujalidiwa, na habari nyingine juu ya hiyo: amepata nafasi ya kuendelea na masomo nchi ya mbali, miaka mitatu, na safari ni Jumapili. Gundi alizipokea zile karatasi akazigongagonga mezani kuzisawazisha, ingawa zilikuwa sawa tangu zamani. "Hongera," akasema. Alitaka kusema mengine, akaishia kuuliza jalada liwe la rangi gani.

Binti alipotangulia chumba cha nyuma, Msusi alimfuata Gundi kwenye kaunta.

"Utanyamaza mpaka lini, mdogo wangu? Mficha uchi hazai."

"Nitamwambiaje, dada? Nikifungua mdomo tu, ananirekodi."

"Basi mwambie huku anarekodi!"

Msusi alikuwa anatania. Gundi hakusikia utani, alisikia ushauri. Akawaza: ni kweli, mezani ndipo mahali pekee ambapo binti yule hunisikiliza bila kupepesa macho. Nitaliweka mezani. Mkiniuliza ilikuwaje akasahau sheria aliyoitunga kwa mdomo wake mwenyewe, sina la kuwajibu. Mapenzi hayana macho, na siku nyingine hayana hata akili.

Wakakaa. Mwalimu akaanza na sentensi ya jirani yake aliyekuwa akigombana na paka, wakacheka. Msusi akaleta ya bibi harusi aliyeuliza kama nywele zinaweza kusukwa kwa siri. Kisha macho yote yakamgeukia mwenye duka.

"Gundi, zamu yako," akasema Mwalimu.

Gundi akajikaza kisabuni. Akaweka mikono yote miwili juu ya meza, akamtazama binti usoni, akasema, "Unaondoka. Je, utakubali niwe mume wako?"

Mashine za dukani zilikuwa zimezimwa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusingizia kelele. Mwalimu akapiga paja lake kwa furaha.

"Nzuri hiyo! Umeiokota wapi?"

"Sikuiokota. Ni..."

"Hebu rudia," akasema Heburudia, simu mkononi.

Na Gundi, masikini ya Mungu, akarudia.

Mambo yakawa mambo. Mwalimu alitaka kujua ile "unaondoka" ya mwanzo ina kazi gani, maana huwezi kumwarifu msafiri kwamba anasafiri. Akasema muulizaji ni mjanja: kamtupia mwenzake huzuni kwanza, ndipo akatega swali. Msusi, ambaye alikuwa ameelewa kila kitu na sasa anajilaumu kwa utani wake, alijaribu kumkanyaga mguu chini ya meza, akamkanyaga Gundi.

"Jamani," akasema Msusi, "mimi naona swali hili linataka..."

"Halijibiwi, dada!" Mwalimu akainua kidole. "Sheria ni msumeno."

"Sauti imeshuka mwishoni," akasema Heburudia. Alikuwa anasema haraka kuliko kawaida yake, na macho hayakuondoka kwenye simu. "Swali la namna hii tungetegemea ipande. Hii imeshuka. Maana yake muulizaji amekata tamaa kabla hajajibiwa. Halafu sauti imetetemeka kwenye 'mume.' Pengine ni baridi."

"Au ni mwongo," akasema Mwalimu. "Waongo hutetemeka."

Hapo ndipo mtu mpole alipochoka. Gundi alisimama kwa kishindo, kiti kikaanguka juu ya boksi la karatasi.

"Mimi si mwongo! Na si baridi! Hakuna mteja aliyesema maneno haya, wala jirani, wala paka wake! Ni mimi! Nakupenda, umesikia? Nakupenda tangu siku ile ulipoingia hapa ukabishana na bango langu la mlangoni. Jumapili unaondoka, mimi nabaki na kopo langu la gundi, na wewe umekaa hapo unanipima sauti kama mgonjwa anayepimwa homa!"

Mwalimu alimtazama Gundi, kisha akamtazama binti. "Kumbe..." akasema.

"Kumbe nini? Hebu nyamaza, Mwalimu," akasema Msusi, huku anajifuta machozi kwa kitambaa cha saluni.

Gundi aliinama kuokota kiti. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto, na alikuwa ameshaamua kwamba kesho atafunga duka ahame mji, akaanze maisha mapya mahali ambapo hakuna chuo.

"Nilisikia mara ya kwanza," akasema Heburudia.

Gundi akabaki ameinama, kiti mkononi.

"Nilisikia, Gundi. Hata ile ya duka kubwa mno niliisikia. Usiku ule sikulala." Alikuwa ameweka simu kifudifudi mezani na mikono haina cha kushika. "Nikichambua kitu, hakiniumi. Nikiacha, naogopa. Ningekuambia nini mimi? Tiketi ninayo. Na mama..."

Akaisukumia simu mbali.

Mama yake alikuwa mjane, na binti huyu ndiye mtoto wake pekee. Hilo wote walilijua. Alilitaja mara nyingi, akipita tu, kama mtu anavyotaja mvua. Lakini hebu fikirini: watu wanne wa maswali, kila wiki maswali, maswali ya wateja na ya majirani na ya watu wasiowajua, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza swali moja tu kuhusu mama huyo. Gundi naye, na mapenzi yake yote, alikuwa ameililia nafsi yake tu. Aibu ya sasa ilikuwa nyingine, na ilimchoma zaidi ya ile ya kwanza.

Akakisimamisha kiti, akakaa karibu naye.

"Atabaki na nani?" akauliza.

Heburudia akatikisa kichwa. Machozi yakaanza kumteremka chini ya miwani. "Sijui. Anasema nisijali, atakuwa salama. Anasema hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi nakaribia kuichana tiketi."

"Usiichane."

"Miaka mitatu, Gundi."

"Nimesikia ni mitatu. Nenda kasome. Mimi jioni nikifunga duka nitakuwa napita kwake. Anapenda wageni?"

"Anapenda wanaobishana."

"Basi nimepona, maana kubishana ndiko ninakokujua."

Binti akacheka katikati ya kilio, kicheko kibaya chenye kamasi, na Msusi akamsogezea kile kitambaa cha saluni bila kujali nywele za wateja zilizokigandia. Mwalimu alikuwa akitazama dari, anajifanya ana vumbi jichoni.

"Utaanza lini?" akauliza Heburudia.

"Kesho."

"Kesho bado nipo."

"Basi twende wote," akasema Gundi. "Nikamwombe mwenyewe ruhusa ya kuwa napita, na wewe umekaa palepale unasikia. Akinifukuza, nitarudi Jumamosi."

Heburudia akavua miwani, akaifuta taratibu, akaivaa. Kwa muda mrefu alimtazama Gundi usoni, na hakumwambia arudie.

"Hatakufukuza," akasema. "Ila atakutania mpaka ujute kuzaliwa."

"Nimwiteje nikifika?"

"Mwite mama," akasema Heburudia, "na Mwalimu anisamehe, nimelijibu swali la mezani."