Sifuri Kwenye Safu ya Uzito

Kila Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, karani wa kliniki alifungua kufuli la mlango wa bati, akapangusa mabenchi mawili kwa kitambaa kibichi, kisha akaitoa mizani chini ya meza na kuitafutia mahali ambapo sakafu ilikuwa sawa. Hapakuwa pengi. Fomu ya halmashauri ilikuwa na safu ya uzito, na safu ikiwapo lazima ijazwe, hata kama mtu amekuja kwa sababu hajapata usingizi wiki tatu na kilo zake hazimhusu mtu.

Kliniki hiyo ya afya ya akili ilikuwa chumba kimoja na nusu nyuma ya jengo la halmashauri, kati ya stoo ya mafagio na ofisi ya leseni. Aliyeisimamia alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu ambaye watu wote walimwita Mratibu, hata mama yake mzazi, siku akimkasirikia. Chini yake alikuwa na karani huyo na washauri nasaha wawili, basi. Wakazi waliokuwa wakisubiri kuonana na washauri hao walikuwa mia sita na ushee, na mgeni akija leo alipewa tarehe ya miezi minane mbele.

Wa kwanza kuja akiwa amekufa alikuwa fundi cherehani. Alikuja siku yake, saa yake, kadi mkononi. Alipopanda mizani, mshale haukutikisika. Karani akaitikisa mizani, akapanda mwenyewe, ikasoma sabini na moja. Fundi akapanda tena. Sifuri.

"Nilifariki mwezi wa pili," fundi alieleza kwa upole, maana hakutaka kumsumbua mtu. "Lakini kadi inasema leo."

Karani akaitazama kadi. Kweli, ilisema leo. Akaandika sifuri kwenye safu ya uzito, akatia alama kwenye safu ya waliohudhuria, akamwelekeza akae benchi la pili kwa sababu la kwanza lilikuwa na mguu mbovu.

Baada yake wakaja wengine. Muuza mitumba, dereva wa lori, mwalimu wa hesabu aliyeomba radhi kwa kufika mapema. Wiki nyingine wawili, wiki nyingine watano. Hawakuwa na usumbufu wowote. Hawakugombea zamu, hawakuuliza choo kiko wapi. Walio hai waliwasogezea nafasi na kuwauliza wanatoka mtaa gani. Mshauri mkubwa alisema siku moja, akifuta miwani, kwamba wafu wanazungumza vizuri mno, hawabakizi kitu.

"Tatizo mimi ndiye sina la kuwaambia," akasema, akavaa miwani yake na kumwita anayefuata.

Mratibu aliliona tatizo jingine. Ripoti ya robo mwaka ilikuwa na safu mbili tu, waliohudhuria na wasiohudhuria. Zamani, mtu akifa huku anasubiri, aliingia kwa wasiohudhuria, na angalau aibu ilionekana kwenye karatasi. Sasa wafu walikuja wote, hakosi hata mmoja, kwa kuwa hawakuwa na shughuli nyingine. Kadiri watu walivyozidi kufa kwenye foleni, ndivyo ripoti ilivyozidi kupendeza.

Na yeye alikuwa na mtu wake kwenye foleni hiyo. Mdogo wake wa kiume, kitindamimba wa mama yao, fundi redio, mcheshi tangu utotoni na mtu wa kuchelewa hata harusini kwake. Tangu mwaka uliopita ucheshi ulikuwa umemkauka. Mke alishaondoka. Alirudi kukaa kwa mama, redio za watu zimelundikana ukutani, hazigusi. Mratibu ndiye aliyemwandikia kadi kwa mkono wake: tarehe tisa, miezi minane mbele, sawa na mtu yeyote. Kanuni ya kutomsogeza mtu mbele aliitunga mwenyewe, mwaka ule madiwani walipokuwa wakileta mashemeji na wakwe mpaka watu wa kawaida wakakosa pa kukaa.

"Dada, hakuna namna?" mdogo wake alimuuliza Jumapili moja, wakiwa jikoni kwa mama, yeye akikausha sahani ileile kwa muda mrefu.

"Namna ipo. Ila nikikusogeza wewe, nimemtoa mtu."

"Aa, basi acha. Nakutania tu."

Hakuwa akitania, na Mratibu alijua. Njia nzima ya kurudi kwake alilia bila sauti. Akajiambia kuna mlango mmoja wa halali uliobaki: akiomba washauri wawili zaidi, na akapewa, tarehe za watu wote zitasogea karibu, na ya mdogo wake itasogea pamoja nazo, bila kumkanyaga mtu. Aliandika ombi hilo mara nne. Alilishikilia kwa meno.

Kikao cha halmashauri cha kupitia ripoti kilikaa Alhamisi.

"Waliohudhuria, asilimia tisini na nane," Mkurugenzi wa halmashauri alisoma. "Hakuna idara nyingine hapa inayokaribia. Hongera sana, Mratibu."

"Mkurugenzi, theluthi yao wamekufa."

Wajumbe wakageuza kurasa kutafuta ukurasa wenye jambo hilo.

"Wanakuja?" Mkurugenzi aliuliza.

"Wanakuja."

"Wanasaini?"

"Wanasaini, lakini..."

"Basi wamehudhuria." Hakusema kwa ubaya, alikuwa mtu mstaarabu, na chai ilikuwa inapoa.

"Naomba safu moja tu, ya waliofariki wakisubiri. Na washauri wawili."

Alielezwa kwamba fomu ya ripoti inatoka juu, haiongezwi safu huku chini. Kuhusu washauri, wajumbe waliona kwamba mpango unaofanya vizuri namna hiyo hauna upungufu wowote, huku ofisi ya leseni ikiwa imelemewa. Jumatatu iliyofuata mshauri mdogo akahamishiwa leseni, pamoja na kiti chake.

Tarehe zote zikaahirishwa kwa miezi mitano. Karani aliwatumia watu ujumbe siku nzima. Mdogo wake, Mratibu hakutaka atumiwe. Alimpigia mwenyewe.

"Haya, usijali, dada," mdogo wake akasema. "Wewe umekula?"

Ikafika tarehe tisa, Jumatatu. Saa mbili kasoro, watu wakiwa wachache bado, karani aliita bila kuinua macho.

"Mratibu, huyu hayumo kwenye orodha ya leo."

Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni, shati limepigwa pasi, nywele zimechanwa. Mratibu alimwona, furaha na hofu vikamjia kwa pamoja, akawa mkali.

"Si nilikuambia wamesogeza?"

"Najua. Lakini kadi inasema leo."

Akavua viatu, akavipanga vizuri ukutani, akapanda mizani. Karani, ambaye siku hizo hakuitikisa tena, alishika kalamu akasubiri. Mratibu ndiye aliyeinama kuitikisa. Akamwambia ashuke, apande tena. Akaihamishia mizani karibu na mlango, akamwambia apande tena. Kisha akapanda yeye, ikasoma sitini na nne, na hapo akajishikilia kwenye meza.

Simu ikaanza kuita ndani ya mkoba wake. Kwenye kioo palikuwa na jina moja tu, Mama.

"Aingie wa kwanza," akamwambia karani. Sauti haikuwa yake. "Mpeleke ndani sasa hivi, aingie wa kwanza."

"Dada, acha," mdogo wake akasema. "Watu wamewahi hapa. Mimi sina haraka."

Akaenda kukaa benchi la pili. Msichana mmoja aliye hai akamsogezea nafasi. Mratibu akachukua kalamu kwa karani, akaliandika jina la mdogo wake chini kabisa ya orodha, akaandika sifuri, akatia alama. Ni alama hiyo, ya mtu asiyekuwamo kwenye orodha, iliyofikisha mahudhurio ya siku ile zaidi ya asilimia mia, na Mkurugenzi akaandika barua ya pongezi ambayo bado imebandikwa mlangoni.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Asubuhi ile simu ilikuwa bado inaita. Mratibu akaipokea, akamsikiliza mama yake akipiga mayowe mpaka pumzi zikamwishia.

"Mama," akasema. "Nipo naye hapa. Amekaa kwenye foleni."